Majina ya Benye Habakukuja

Sifa mutoto wangu,

Sikusalimie, juu tumeachana sasa hivi tu, na kukohoa kwako nakusikia mupaka hapa kwa meza. Kesho asubui motari na pikipiki yake atakuja kukubeba mupaka kwa gari ya Uvira, kisha utavuka Bujumbura, kisha ndege. Mi sitakusindikiza. Batu batasema kulia njo kunanishinda, na mi nitabaacha baseme. Kuko kitu nataka usome mbele ya kufika kule, na nikiwa mbele ya macho yako sitaweza kukupatia.

Mambo ya baridi, ya koti, ya chakula yenye haina sombe, majani yetu ya muhogo, ya banaume ba kule, shangazi zako bamekwisha kukuambia tangu juma ya jana, na bengine kati yao habajafika hata Bukavu. Pale siko na kitu ya kuongeza. Uvae soksi.

Nataka kusema juu ya ile barua yenye ilikupatia bursi ya kusoma Ulaya. Unakumbuka siku ulitusomea hapa mu salo, kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili juu ya bamama benye habakusoma. Uliandika kama dunia ilituahidi kutulinda na kisha ikatuacha. Uliandika kama kambi ya askari ba amani ilifungwa bila mutu hata mumoja kutuuliza. Ukaandika jina ya mama mudogo wako Atosha, na ginsi alikufa, na kwa mwisho ukauliza nani ataitika juu ya damu yake. Bamama balilia. Pasta alisema Mungu amekupatia kinywa. Mi nilisimama nikaenda kuangalia chungu ya maharagi, na ile maharagi ilikuwa imekwisha kuiva zamani.

Ni barua muzuri. Mimi mwenyewe nimeisoma mara mingi kuliko wewe. Na iko na uongo pale katikati, lakini ile uongo haikutoka kwako, uliikuta mu nyumba. Tuliulizwa, Sifa. Tuliitika. Na mwandiko yenye iliitika ni ya kwako.

Sasa kaa chini, ao kama uko mu gari, shika kiti ya mbele, usome polepole.

Ulikuwa na miaka kumi na tano. Tulikuwa tungali kule juu, mbele ya kushuka Baraka, na kambi ilikuwa kwa kilima pembeni ya uwanja ya masomo. Unakumbuka ile jenereta yabo, na ginsi tulizoea sauti yake paka tulikuwa tunaamuka siku yenye inazimika. Habakukuwa malaika. Balikuwa banakunywa, bengine balikuwa na mambo na basichana. Lakini ile miaka tulilala mu vitanda yetu, hatukulala mu pori, na mihogo yetu tulivuna sisi benyewe. Kisha habari ikatoka kama banaondoka. Mi nilikuwa perezida wa bamama, unajua, na ile jina nilikuwa naipenda kuliko unavyofikiri.

Misheni ya bale askari ikaleta animateri, muongozaji wa mukutano, kijana mumoja mwembamba, amejaa vumbi ya njia, na gari, na makaratasi, na kartoni ya sabuni. Alisema banataka kusikia maoni ya jamii mbele ya kambi kufungwa. Kila mama mwenye anakuja anatia jina na kidole kwa liste, anapewa kipande ya sabuni, anarudi kwake. Nilizunguka kijiji muzima kubaita. Nilifika kwa Atosha, alikuwa anamenya muhogo kwa mulango, na mutoto wake Riziki kwa mugongo.

"Dada, mi siende," alisema.

"Kuko sabuni."

"Bape benye habana. Mi nikiingia mule, kesho batasema Atosha alikuwako, Atosha alikubali. Nikibaki hapa na muhogo yangu, ile habataweza kusema."

Nilimucheka. Nilimuambia anajiona waziri sasa, anafikiri bakubwa ba dunia banamungojea yeye na muhogo yake. Hakukasirika. Aliendelea kumenya, akanipa kipande moja nitafune kwa njia. Mudogo wangu hakujua kusoma hata jina yake, na pale kwa mulango alijua kitu yenye wewe utalipiwa miaka mbili kujifunza. Mi nilijua kusoma, na sikuona kitu.

Kwa mukutano bamama kumi na mbili tu njo balikuja. Bengine balikataa kama Atosha, bengine balikuwa mu mashamba. Animateri alizungumuza, bamama balisikiliza, mumoja akauliza nani atabaki na sisi, yeye akaandika ile swali mu kaye. Kiisha mukutano akanivuta pembeni. Liste yake ilikuwa na mistari makumi tatu. "Mama Perezida," alisema, "nikirudi na kumi na mbili, batasema jamii haikukuja. Batanirudisha kuanza yote upya." Hakunitisha, hapana. Aliniomba, na mi nilimuonea huruma. Tena alisema jina ya perezida mwenye anafanya kazi muzuri anaweza kuipeleka kwa formasio, ile mafunzo ya Baraka. Nikabeba ile karatasi nyumbani, na kartoni ya sabuni.

Nilikuita. "Sifa, kuya uandike, mwandiko yako ni muzuri." Nilikuwa nakutajia jina, wewe unaandika. Ulipofika kwa mustari ya kumi na tisa, uliinua macho.

"Na mama mudogo alikuja?"

"Andika."

Ukaandika. Kisha bidole. Ulitia kidole yako mu wino, ukabonyeza kwa jina ya kwanza kati ya ile mupya, na mbele ya ile ya pili ukasimama, ukafikiri, ukabadirisha kidole. Gumba ya kuume, gumba ya kushoto, cha kati, cha mwisho, ukageuza na mukono, ile isionekane ni mutu mumoja. Ile akili mi sikukufundisha. Niliona, nikafurahi, nikasema mu roho yangu huyu mutoto atafika mbali. Ulienda kulala na bidole ya bluu, na kesho yake ukabacheka benzako kwa masomo kama wewe umepiga kura na bo bado.

Ile sabuni kumi na nane yenye ilibaki sikumupa mutu. Nilifua nayo iniformi yako paka Noeli, ikabaki kipande moja.

Kambi iliondoka. Siku ya kuondoka balifanya sherehe ndogo, mukubwa wabo akasema ulinzi sasa iko mu mikono ya serikali na ya jamii yenyewe. Serikali kwetu ilikuwa polisi tatu, na bunduki moja. Jamii ilikuwa mimi. Baliunda komite ya ulinzi, bakanitia perezida, bakanipa jile, kizibao ya manjano, na telefone. Nilivaa ile jile hata kwa kanisa. Unakumbuka ulisikia haya, ukakaa benchi ya nyuma. Wewe ulikuwa na haya kuliko mimi.

Siku batu ba bunduki balikuja, sikukuwako. Balikuwa kabila gani, sitaandika; unajua, na kuandika haitamufufua mutu. Nilikuwa hapa Baraka kwa formasio, ile yenye jina yangu ilipelekwa juu ya liste yenye ilijaa, na wewe nilikuwa nimekubeba juu ya kukununulia biatu. Tuko hai juu ya ile liste. Hii sikuwahi kukuambia, na usijaribu kuipanga mu kichwa yako ikuwe muzuri, haitapangika.

Asubui, kwa chai, Atosha alipiga. Alikuwa anasema chini chini, nikasikia Riziki analia pembeni. "Dada, bameingia kwa upande ya muto. Piga kwa askari bakuye." Nikamuambia afunge mulango, napiga sasa hivi. Nikapiga ile namba yenye balitupatia siku ya sherehe. Mwanaume akaitika, sauti ya heshima, akaniuliza kijiji gani, akaniomba ningojee. Nikasikia anapindua makaratasi. Akarudi, akasema: mama, ile fasi haiko tena chini yetu, ile fasi iko na komite yake ya ulinzi, bapigie kwanza bo, bo njo batatupatia ripoti. Nikamuomba namba ya ile komite. Akanisomea moja moja, polepole, nisikosee. Ilikuwa namba ya telefone yenye nilikuwa nimeshika kwa sikio.

Nikamuambia asante. Unasikia? Nilimuambia asante.

Kisha Atosha akapiga tena. Nilitazama jina yake kwa telefone, sikuitika. Akapiga mara ya pili, mara ya tatu. Sikumuchukia mudogo wangu. Sikukuwa na jibu, basi, na niliona haya kuitika bila jibu, nikaacha ilie. Ile siku nilijua ginsi bakubwa ba dunia banafanya. Zamani nilikuwa nafikiri banatuchukia, ao banatucheka. Hapana. Simu inalia, habana jibu, banaona haya kidogo, banangojea inyamaze.

Tulipopanda siku ya tatu, Riziki tulimupata hai chini ya kitanda, na mama yake kwa mulango. Bamama baliniita nimuoshe mudogo wangu. Mu nyumba yake hamukukuwa sabuni. Nikatuma baende kwangu, balete kile kipande cha mwisho. Njo ile tulimuoshea. Ilitolewa kwa jina yake, na ikamufikia.

Kiisha matanga, bamama balisema tuende Uvira kuuliza. Mi njo nilikuwa mbele, nilikuwa napiga kelele kuliko bote, nalia jina ya Atosha mu njia. Kwa ofisi ya misheni balikubali mutu mumoja aingie, bakanisukuma mimi. Ndani kulikuwa mama mumoja muzungu, wa umri yangu, macho mekundu kama mutu mwenye hakulala vizuri. Alinisikiliza paka mwisho. Kisha akatoa dosie, akafungua, akanionyesha. Jamii iliulizwa, Madame. Bamama makumi tatu. Haba hapa. Akatia kidole kwa jina ya kwanza, akaniuliza kama ni ya kwangu. Nikasema ndiyo. Nilitazama mustari ya kumi na tisa, nikaona mwandiko yako, ile A yako yenye mukia. Nikamuomba kopi. Alinipa, na maji ya kunywa.

Inje bamama balikuwa bananingojea mu jua. "Banasema nini?" Nikabaambia banasema batachunguza. Tukapanda gari, tukarudi. Tangu ile siku bananiita Mama Perezida na heshima yote, na kila mwaka kwa ukumbusho ya benye balikufa mi njo nasoma majina.

Sasa unaenda kujifunza ile kazi ya kulinda batu. Batakufundisha nani iko na daraka ya kumulinda mutu kama Atosha, na mi nakubali kuko bitabu mukubwa juu ya ile. Lakini nilifika mu ile ofisi, nikaona inafanyika ginsi gani. Serikali iko na karatasi yenye inasema ni misheni. Misheni iko na karatasi yenye inasema ni serikali na jamii. Jamii iko na perezida, na perezida alikuwa Baraka anakunywa chai. Ukimutazama mumoja mumoja, kila mutu alifanya kazi yake. Animateri alileta liste yenye imejaa. Ule mwanaume wa telefone alisoma namba bila kukosea. Hata ule muzungu wa Uvira, nazani siku moja aliuliza kama makumi tatu balikuwako kweli, bakamuambia andika, akaandika.

Utasema ulikuwa mutoto. Ni kweli, na mi njo nilikutuma, dambi ya kwanza ni yangu, sitakubali uibebe. Lakini uliuliza swali moja, ukajibiwa neno moja, ukanyamaza. Na kisha ulikua. Ulisoma, ulipata diplome, uliandika kama hatukuulizwa, na mu roho yako kulikuwa kidole ya bluu. Usiniambie ulisahau. Siku ulitusomea ile barua, ulipofika kwa ile fasi, ulikunywa maji. Nilikuona. Mama na mutoto, tulikuwa na uongo mumoja, kila mutu anaificha mwenzake. Batu banasema tunafanana, na habajui ni kwa ginsi gani.

Nilikuwa na chuki na wewe, Sifa. Nakuandikia wazi. Wakati bote banakusifu, nilikuwa nakuchukia kidogo, juu ulikuwa unatumia kifo ya Atosha kwa sauti muzuri, na mimi nilikuwa nimeitumia kwa sauti mubaya, mi nilipata sabuni na wewe umepata Ulaya. Ile chuki haijakwisha yote. Imechanganyika na mapendo, na sijui tena kuitenganisha. Nimekulea miaka makumi mbili na tano, unaweza kubeba na hii.

Jana nilimuambia Riziki. Nilimukalisha kwa jikoni, nikamuonyesha kopi, nikamuonyesha jina ya mama yake, nikamuambia nani alitia kidole na nani alituma. Aliniuliza kitu moja tu: "Na simu, alipiga mara ngapi?" Nikamuambia. Uliniuliza leo kwa nini Riziki hakukula na sisi karamu yako, nikakujibu tumbo inamuuma. Ile njo uongo ya mwisho nimekuambia. Amelala kwa shangazi yako, na sijui kama atarudia kuniita mama.

Jumapili, kiisha kanisa, nitasimama mbele ya bamama na nitabaambia kama kwa Uvira habakusema batachunguza. Batanifanya nini, sijui. Kuko mumoja mwenye alizika batoto mbili. Nikikuwa naogopa mutu, ni yeye, na njo maana nitaanza na yeye.

Wewe, kopi yako iko mu valizi ya nguo, mu fardi, ile bahasha ya diplome, nyuma ya ile barua ya bursi. Kama unataka kuichoma, choma, lakini choma mwenyewe, usimupe mutu mwingine kazi ile. Kama hutaki kuichoma, basi siku batakusimamisha kule uongee juu ya jamii ya kwetu Fizi, na batakusimamisha, juu banapenda mutu wa kuongea juu yetu, ianze pale. Sema: tuliulizwa, liste ilijaa, na mi njo niliijaza. Baonyeshe mustari ya kumi na tisa. Baambie yeye alikuwa amekataa, na kukataa kwake haikukuwa na mustari kwa karatasi yabo. Kisha sasa baulize na bo bidole yabo. Mbele ya ile, huna ruhusa ya kuuliza mutu.

Inawezekana batakunyanganya bursi. Niliuza kiwanja ya baba yako juu ya paspoti na viza, shangazi zako batanitukana paka nife, na mi naandika hapa: bakunyanganye. Utarudi utauza mawese kwa soko na mimi, kama bado bananiachia meza.

Usinipigie simu ya kunisamehe. Piga tu ukiwa na jibu, ao ukikosa jibu, piga vilevile, na mi nitaitika.

Neno ya mwisho. Siku nitakufa, batakuambia, na inawezekana utakuwa na mutihani, ao kazi, ao habatakupa karatasi ya kutoka. Unajua kawaida yetu. Kwa matanga kutakuwa kaye kwa meza, na mutu wa kuandika majina ya benye balifika. Ndugu zako bataona haya, batataka mutoto wa kwanza aonekane alikuwako, batasema tuandike tu, nani atajua. Nimekwisha kumuambia shangazi yako: biki ya kuandika atashika Riziki, yeye peke yake. Kama haukufika, usitume mutu akuandike.

Mama yako, jina ya kwanza kwa liste. Hii nimeandika na mukono yangu.